Tarakilishi ya Nyumbani: Programu za Bure na Tovuti Zinazolinda Mali ya Mwananchi

Mazungumzo kwa wakaazi wanaotumia tarakilishi nyumbani, dukani, shuleni na kwenye saiba



Miaka iliyopita stakabadhi za familia zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Humo mlikuwa na hatimiliki ya shamba, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na risiti za karo. Aliyetaka kuziiba alilazimika kuvunja mlango. Siku hizi nakala za stakabadhi hizo ziko ndani ya tarakilishi, kwenye flashi, au katika barua pepe iliyofunguliwa mara moja kwenye saiba ya sokoni. Daftari la chama limo humo, orodha ya wadeni wa duka imo humo, na tasnifu ya mwanafunzi aliyebakiza muhula mmoja imo humo. Mwizi wa leo anahitaji nywila moja tu, na mlango wa nyumba anauacha ulivyo.

Habari njema ni kwamba vifaa vya kulinda mali hiyo vipo na havihitaji pesa. Programu zote zitakazotajwa hapa zinapatikana bila malipo, na tovuti zitakazotajwa zinasomwa bila malipo. Kinachohitajika ni bando kidogo, muda na mazoea mapya machache.

Programu ya wizi na gharama yake

Mkaazi anaponunua kipakatalishi kilichotumika, mara nyingi fundi humwekea programu za afisi ambazo hazijalipiwa. Humwambia ni zile zile, ila zimefunguliwa. Ili zifunguke, fundi huzima kwanza kinga ya virusi, kisha huendesha faili ndogo iliyotoka kusikojulikana. Hapo ndipo hasara inapoanzia. Faili hiyo imepewa ruhusa ya kufanya lolote ndani ya mashine, na mlinzi amelazwa usingizi. Ikiwa ndani yake mna kitu kinachonakili nywila zinazoandikwa, mwenye mashine hataona tofauti yoyote mpaka siku akaunti yake itakapokataa kufunguka.

Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki, Sura ya 130 ya Sheria za Kenya, inalinda programu za tarakilishi kama inavyolinda vitabu. Mwenye duka anayetumia programu isiyo na leseni anajiweka hatarini kisheria, ilhali kuna njia halali isiyo na gharama.

Njia hiyo kwa kazi za afisi inaitwa LibreOffice. Inatolewa na shirika la The Document Foundation, ambalo mradi wake ulianza mwaka 2010. Ina sehemu ya kuandikia barua na ripoti, iitwayo Writer. Sehemu ya hesabu na majedwali, iitwayo Calc. Na sehemu ya kutayarisha maonyesho, iitwayo Impress. Inafungua faili za Word, Excel na PowerPoint, na inaweza kuhifadhi kazi katika mitindo hiyo hiyo ili mwajiri au chuo kisipate shida kuifungua. Pia inageuza barua kuwa PDF kwa kubofya mara moja. Mpangilio wa kurasa huweza kusogea kidogo faili inapohama kutoka programu moja hadi nyingine. Kwa hiyo anayetuma barua ya kuomba kazi aitume kama PDF, nayo itaonekana jinsi alivyoipanga.

Kwa video na muziki kuna VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa. Inacheza karibu kila aina ya faili ya video bila kudai programu nyingine ya kusaidia. Kwa faili zilizobanwa kuna 7-Zip, iliyotengenezwa na Igor Pavlov wa Urusi na kutolewa mwaka 1999. Hiyo inafungua mafurushi ya zip na rar, na inaweza kufunga furushi kwa nywila kabla halijatumwa kwa barua pepe.

Kuna kanuni moja inayozihusu zote: zipakuliwe kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe. LibreOffice iko libreoffice.org, VLC iko videolan.org, na 7-Zip iko 7-zip.org. Mtu akitafuta jina la programu kwenye mtandao, matokeo ya kwanza huweza kuwa tangazo la kulipiwa linaloelekeza kwenye tovuti ya kuiga. Mahali penye vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa "pakua" si pa kuaminiwa.

Windows 10 imefika mwisho

Tarakilishi nyingi za nyumbani bado zinatumia Windows 10, iliyotolewa mwaka 2015. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya kuifanyia marekebisho ya usalama. Mashine haikuzimika siku hiyo, na ndiyo sababu wengi hawakugundua. Lakini kila udhaifu unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo unabaki wazi, kama nyumba ambayo kila mwezi inaongezeka dirisha lisilo na komeo. Microsoft iliweka mpango wa kujiandikisha kwa watumiaji wa kawaida unaoongeza masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Mpango huo unampa mtu muda wa kujipanga, lakini hauondoi tatizo.

Windows 11 inahitaji angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za nafasi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Vipakatalishi vingi vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 2018 havikubaliwi. Mwenye mashine ya namna hiyo asikimbilie kuitupa wala kuuza mbuzi anunue mpya. Kuna mfumo mwingine wa bure uitwao Linux Mint, unaohitaji gigabaiti 2 za kumbukumbu, ingawa 4 ni bora, na nafasi ya gigabaiti 20. Umepangwa kwa namna isiyomchanganya aliyezoea Windows: menyu iko pembeni chini, folda ziko palepale. LibreOffice na kivinjari Firefox vinakuja navyo tayari.

Zaidi ya hayo, Linux Mint inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Mkaazi anaweza kuwasha mashine kwa flashi hiyo, akajaribu mtandao, sauti na printa, kisha akaizima na kuirudisha kama ilivyokuwa. Akiridhika ndipo anaiweka. Kabla ya hatua hiyo ya mwisho, ni lazima awe na nakala ya kila kitu mahali pengine. Programu maalumu za uhasibu zilizotengenezwa kwa Windows pekee huenda zisifanye kazi, kwa hiyo mwenye duka aulize kwanza.

Kwa nini masasisho yasiahirishwe

Wengi huahirisha masasisho kwa sababu yanakula bando. Sababu hiyo inaeleweka. Lakini mwaka 2017 dunia iliona bei ya kuahirisha. Mwezi Machi mwaka huo Microsoft ilitoa sasisho la kuziba udhaifu mmoja ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei programu ya uhalifu iitwayo WannaCry ilipenya kupitia udhaifu huo huo na kuzikumba tarakilishi zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150. Ilifunga faili za watu kwa siri na kudai dola 300 kwa sarafu ya bitcoin ili zifunguliwe. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha matibabu ya maelfu ya wagonjwa kwa sababu madaktari hawakuweza kufungua mafaili. Dawa ilikuwa imetolewa karibu miezi miwili kabla. Walioitumia hawakupatwa kwa njia hiyo.

Mwenye bando dogo anaweza kuiambia Windows kwamba mtandao anaotumia unapimwa. Kwenye mipangilio ya mtandao kuna sehemu ya kuwasha kipimo hicho, na ikiwashwa, mashine hupunguza upakuaji mkubwa wa kimyakimya. Kisha mara moja au mbili kwa mwezi mkaazi anaipeleka mashine kwenye mtandao usio na kikomo, anaruhusu masasisho yote, na kurudi nyumbani.

Kuhusu kinga ya virusi, Windows 10 na 11 zote zina Microsoft Defender ndani yake tangu mwanzo. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha, mradi isizimwe na mashine iwe inasasishwa. Kuweka kinga nyingine mbili juu yake hakuongezi usalama. Hupunguza mwendo wa mashine na huweza kuzua ugomvi kati ya programu hizo.

Nakala ya akiba

Chukua mfano wa katibu wa chama cha wanachama 30. Michango ya miaka minne imo kwenye faili moja, na faili moja imo kwenye kipakatalishi kimoja. Siku kipakatalishi kikiibiwa ndani ya matatu, au kikiungua kwa umeme uliorudi kwa kishindo, hakuna atakayekumbuka nani alikopa kiasi gani. Fedha zinaweza kuwa salama benki na chama kikavunjika vilevile, kwa sababu watu hawatakubaliana juu ya madeni. Kilichoibwa hapo ni ushahidi.

Mafundi wa dunia nzima hutumia kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za faili, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati yake iwe mbali na nyumbani. Kwa katibu huyo, nakala ya kwanza ni ile ya kwenye mashine, ya pili ni ya diski ya nje au flashi inayokaa kabatini, na ya tatu ni ya kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google humpa kila mwenye akaunti gigabaiti 15 bila malipo, zikijumuisha barua pepe, picha na faili. Daftari la chama halifiki hata sehemu ndogo ya nafasi hiyo.

Flashi ya akiba ichomolewe kazi ikiisha. Programu kama WannaCry hufunga kila kifaa inachokikuta kimechomekwa, kwa hiyo nakala inayokaa kwenye mashine mchana na usiku itafungwa pamoja na mashine. Vilevile, nakala ijaribiwe. Angalau mara moja kila miezi mitatu ifunguliwe kwenye tarakilishi nyingine kuona kama inasomeka.

Kwa aliyekwisha kufuta faili kwa bahati mbaya, kuna programu ya bure iitwayo PhotoRec inayoweza kurudisha picha na barua zilizofutwa kwenye flashi au kadi ya kamera. Sharti lake ni moja: asiandike kitu kingine chochote kwenye kifaa hicho, maana faili iliyofutwa hubaki pale mpaka nafasi yake ichukuliwe na nyingine. Aliyefuta picha za harusi kisha akaendelea kupiga picha kwa kadi ile ile anazizika mwenyewe.

Nywila moja kwa milango yote

Mkaazi mwenye akaunti ya eCitizen, ya KRA, ya barua pepe, ya benki na ya Facebook mara nyingi hutumia nywila moja kwa zote. Tovuti moja ndogo ikivunjwa, wezi huchukua anwani za barua pepe na nywila zake, kisha huzijaribu kwenye tovuti nyingine zote kwa kutumia mashine. Hawamlengi mtu fulani. Wanajaribu milango yote mpaka mmoja ufunguke.

Tovuti ya haveibeenpwned.com, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Troy Hunt wa Australia, humruhusu mtu kuandika anwani yake ya barua pepe na kuona kama imo kwenye mafurushi ya taarifa zilizovuja. Haiulizi nywila. Ikionyesha kwamba anwani imo, mwenyewe abadilishe nywila ya tovuti iliyotajwa, na ya kila mahali alipoitumia nywila ile ile.

Hakuna binadamu anayeweza kukumbuka nywila 20 tofauti. Kazi hiyo hufanywa na programu ya kutunza nywila. KeePassXC huziweka kwenye faili moja iliyofungwa, ndani ya mashine yenyewe, bila kuhitaji mtandao. Bitwarden huzihifadhi mtandaoni zikiwa zimefungwa, na hupatikana kwenye simu na tarakilishi pia. Mkaazi anakumbuka nywila kuu moja tu, ndefu, kama sentensi ya maneno matano yasiyohusiana ambayo hakuna jirani angeibuni. Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa havifai. Majirani wanavijua vyote viwili.

Barua pepe ilindwe kuliko akaunti nyingine zote, maana ndiko nywila za kwingine hutumwa zinapobadilishwa. Iwekewe hatua ya pili ya kuthibitisha, ili hata mwenye nywila asiingie bila namba inayotoka kwenye simu ya mwenyewe. Na namba hiyo asipewe mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kwa sauti ya upole kuwa anatoka benki.

Kwenye saiba

Si kila mkaazi ana mashine yake. Wengi hujaza fomu za kodi, maombi ya mikopo ya elimu na ya kazi kwenye saiba. Anayefanya hivyo aombe kutumia dirisha la faragha. Kwenye Chrome hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja; kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Dirisha hilo likifungwa, halibakishi historia wala akaunti iliyo wazi. Hata hivyo halizuii programu ya kunakili vidole vinavyobonyeza, kwa hiyo mambo ya benki yafanywe kwa simu ya mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, mkaazi afungue folda ya vilivyopakuliwa na kufuta nakala za kitambulisho, cheti cha kodi na barua zake, kisha afute pia kilichomo ndani ya pipa la taka. Saiba yenye wateja 50 kwa siku inaweza kuwa na folda iliyojaa vitambulisho vya watu wasiojuana. Wenye saiba nao wana wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde na asizitumie kwa jambo jingine. Aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Asiwepo mkaazi anayemwachia mhudumu wa saiba nywila yake ya eCitizen imeandikwa kwenye karatasi ukutani ili "amsaidie mwaka ujao." Mhudumu anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini karatasi haichagui msomaji.

Njia za kukagua kabla ya kubofya

Tovuti za serikali ya Kenya kwa kawaida huishia na .go.ke. Anwani ya eCitizen ni ecitizen.go.ke, na ya kujaza ripoti za kodi ni itax.kra.go.ke. Si mashirika yote ya umma yanayotumia mwisho huo, lakini tovuti inayodai ni eCitizen na kuishia na kitu kingine ni ya mtego. Sehemu ya kuangalia ni ile iliyo mara tu kabla ya mkwaju wa kwanza. Anwani inayoanza kwa "ecitizen" na kuishia kwa jina jingine si ya serikali, ni kama mtu aliyevaa sare ya askari ilhali kituo hakimjui.

Faili inayotiliwa shaka inaweza kupelekwa virustotal.com, ambako hukaguliwa na kinga za virusi zaidi ya 60 kwa wakati mmoja. Tahadhari: kilichopelekwa huko huweza kuonwa na kampuni za usalama, kwa hiyo hatimiliki, taarifa za benki na ripoti za hospitali zisipelekwe. Tahadhari hiyo hiyo inahusu tovuti za bure za kugeuza au kuunganisha PDF. Kinachoweza kufanywa na LibreOffice ndani ya mashine ya mwenyewe hakina haja ya kusafiri hadi mashine ya mtu asiyejulikana.

Tovuti inayofaa kuliko zote kwa mwenye shamba

Sasa lije jambo ambalo wakaazi wengi hawajalisikia. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mtu akidai kwamba hatimiliki yake imepotea, msajili hawezi kumpa nyingine hivi hivi. Ni lazima kwanza atangaze kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kwenye magazeti mawili yanayosomwa nchi nzima, kisha angoje siku 60. Tangazo hutaja jina la mmiliki na namba ya kipande cha ardhi. Pasipotokea pingamizi ndani ya siku hizo, hatimiliki mpya hutolewa.

Maana yake ni kwamba tapeli anayetaka hatimiliki ya pili ya shamba la mjane, wakati ya kwanza ingali sandukuni, atalazimika kupita kwenye tangazo hilo. Mjane ana siku 60 za kumzuia. Tatizo ni kwamba hanunui Gazeti Rasmi, na mtoto wake aliye Nairobi halisomi.

Gazeti hilo husomwa bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org, inayosimamiwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria. Kijana wa familia anaweza kufungua toleo la wiki, akabonyeza Ctrl na F kwa pamoja, akaandika namba ya shamba au jina la babu yake. Matangazo yameandikwa kwa Kiingereza, lakini namba na majina hayahitaji tafsiri. Kazi hiyo haichukui muda wa kumaliza kikombe cha chai. Akikuta tangazo lisilo la kweli, familia iandike pingamizi mara moja kwa msajili wa ardhi aliyetajwa chini ya tangazo, iambatishe nakala ya hatimiliki iliyo mkononi, na kutafuta ushauri wa wakili.

Humo pia mna matangazo ya mirathi. Mtu akiomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu, ombi lake hutangazwa, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Watoto ambao hawakushirikishwa, au mke ambaye jina lake limeachwa, wanaweza kugundua mapema badala ya kugundua siku ya kuvunjiwa nyumba. Tovuti hiyo hiyo ina Katiba ya 2010, sheria zote za nchi na hukumu za mahakama.

Kwa wanafunzi, na kwa wasioona

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na inaweza kusomwa bila mtandao kwa programu iitwayo Kiwix. Mwalimu anapakua furushi mara moja mahali penye mtandao, analiweka kwenye flashi, na shule isiyo na mtandao inalisoma kwenye kila tarakilishi. Furushi la Kiingereza lenye picha zote linafikia karibu gigabaiti 100, lakini yapo madogo ya masomo maalumu, na la Kiswahili ni dogo zaidi. Kwa vitabu na vipindi vinavyofuata mtaala wa Kenya kuna Kenya Education Cloud ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, kwenye kec.ac.ke. Watoto wadogo wanafurahia GCompris, yenye michezo mingi ya kuhesabu, kusoma na kuzoea kipanya.

Mkaazi asiyeona naye hajasahauliwa. NVDA ni programu ya bure inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo cha tarakilishi yenye Windows. Ilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, akashirikiana na James Teh, naye pia haoni. Ina sauti ya Kiswahili; ni ya kimashine, lakini inaeleweka baada ya kuzoeleka. Programu za kulipia za kazi hiyo huuzwa kwa bei ambayo familia nyingi haziwezi kuimudu. Mwanafunzi asiyeona aliyemaliza shule anaweza kuandika barua yake ya kuomba kazi, kuisoma upya na kuituma bila kumtegemea mtu wa kumsomea siri zake.

Ya kufanya wiki hii

Haya yote hayafanywi siku moja. Mkaazi anayeanza leo anaweza kufuata mpangilio huu.

Siku ya kwanza, anakili faili zake muhimu kwenye flashi na kuichomoa. Siku ya pili, abadilishe nywila ya barua pepe na kuwasha hatua ya pili ya kuthibitisha. Siku ya tatu, aangalie kama mashine yake ni Windows 10 na kuamua itakwenda wapi: Windows 11, mpango wa hadi Oktoba 2026, au Linux Mint. Siku ya nne, aondoe programu za wizi na kuweka LibreOffice. Siku ya tano, aingie kenyalaw.org pamoja na wazazi wake, wamtajie namba ya shamba, naye aitafute.

Hiyo ya tano ndiyo itakayowashangaza wazee, kwa sababu wamezoea kuona tarakilishi ni kitu cha vijana. Wakisikia namba ya shamba lao ikitafutwa mbele yao, nao watataka kujua toleo lijalo linatoka lini. Hutoka kila Ijumaa kwa kawaida.